Mtoto Huyu Hajakata Mkoko

Vua viatu uangalie kucha zako za miguu. Kama zipo zote, sema alhamdulillah, kisha kaa unisikilize. Mie sina hata moja. Na kwa miaka mingi sikujua kwamba ule ni ugonjwa. Nilidhani ndivyo tulivyo kwetu.

Naitwa Mwanaidi. Naandika kwa ajili ya mama aliyekaa peke yake chumbani na mtoto anayetoka malengelenge, huku nje watu wanamsema. Nilikuwa wewe. Ila usitegemee niandike kwa upole. Upole wangu niliumaliza wote kule ukweni na haukunisaidia kitu.

Nimezaliwa delta ya Rufiji, kwenye kisiwa ambacho bamvua likija maji yanafika mpaka jikoni. Baba yangu, Mzee Bakari, ni mkata mikoko. Boriti nyingi zilizoshikilia nyumba za watu huko bara zimepita begani kwake. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Juu ya vidole ngozi ilikuwa nyembamba, inang'aa, ina makovu meupe kama utando wa ndani ya yai. Kucha nyingine zilikuwa zimeota nene zikapinda, nyingine hazikuota kabisa. Magoti na viwiko vilikuwa hivyohivyo. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakapona, yakatoka tena palepale.

Hakuna aliyeshangaa. Utashangaa nini kambini kwa wakata mikoko? Kila mtu pale ana kidonda. Chaza wanakata nyayo, matope ya chumvi yanababua, boriti inachubua bega. Vidonda vya wenzake vilipona vikasahaulika, vya baba vilirudi. Watu walisema ni kwa sababu baba anafanya kazi kuliko wao. Nakumbuka wakubwa walivyokuwa wakiwaambia vijana wavivu: "Mtazameni Mzee Bakari. Ile ndiyo mikono ya boriti." Baba alikuwa anainyoosha mikono yake kidogo, ionekane.

Mie nilipoanza kutoka malengelenge, nikiwa mdogo wa kuokota kaa, mama alinipaka mafuta akacheka. "Umeshaanza kuota mikono ya baba yako. Hutalala njaa wewe." Kucha za miguu zikadondoka moja moja. Nikaambiwa matope yamezila. Nikaamini. Ningeacha kuamini kwa lipi? Nilikuwa najivunia.

Mama alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Nilipofaulu, baba akanipeleka sekondari Kibiti, nikakaa bweni. Huko hakuna chaza, hakuna matope ya chumvi. Malengelenge yakaendelea. Viatu vyeusi vya shule vilinitoa damu visiginoni. Siku ya kulima shamba la shule, mpini wa jembe ulinichuna kiganja, mwalimu wa zamu akaniambia, "Mtoto wa delta, unaogopa jembe?"

"Siogopi, mwalimu."

"Basi lima."

Nikalima. Mpini ukawa mwekundu. Jioni wasichana wa bweni langu wakatenga beseni langu la kuogea, wakaliweka nje peke yake kama la mbwa. Mmoja akasema, "Tusije tukaoza vidole na sie." Nilioga kwa beseni langu la nje mpaka namaliza kidato cha nne. Sikumwandikia baba. Nilijiambia mwili umezoea chumvi, ukikaa bara utatulia.

Shomari nilikutana naye baada ya shule. Mkulima wa Mtunda, korosho na mihogo, mtu wa maneno machache. Alinipenda, siwezi kumsingizia. Siku ya kwanza kunishika mkono aliugeuza akautazama.

"Hii imekuwaje?"

"Mkoko," nikasema.

"Aa." Basi. Yakaisha hapo. Nilijibu kwa moyo safi kabisa.

Nasra alizaliwa zahanati, uzazi wa kawaida, mapema asubuhi. Nikasikia analia, nikasikia nesi ananyamaza. Wote mnajua nesi akinyamaza inakuwaje. Nikainua kichwa. Mguu wa kushoto wa mwanangu, kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo, haukuwa na ngozi. Ulikuwa mwekundu, umelowa, unang'aa kama nyama iliyotoka kuchunwa sasa hivi.

"Wewe dada," nesi akaniuliza, "ulikuwa unakunywa dawa gani na mimba hii?"

"Za kliniki tu."

"Sema ukweli."

"Nimesema."

Wakamfunga bandeji, wakaishikiza kwa plasta mguuni juu. Siku ya kubadilisha, nesi akaivuta ile plasta haraka, kama wanavyovuta kwa watu wote. Plasta ikatoka na ngozi ya paja. Nasra akalia mpaka sauti ikakatika, mdomo uko wazi, hakuna kinachotoka. Nesi akaishika ile plasta mkononi anaitazama. Mie niliitazama pia. Mpaka leo nikiona plasta ukutani dukani, natoka bila kununua.

Tukarudi Mtunda, nyumbani kwa mama mkwe, kama ada. Na hapa nataka mwelewe jambo, kwa sababu ndipo hasira yangu ilipozaliwa.

Kwa kina Shomari mtoto mchanga lazima akandwe. Ni kazi ya bibi yake. Asubuhi na jioni bibi anakaa chini, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto juu ya mapaja. Maji ya vuguvugu, mafuta ya nazi, kitambaa. Anamvuta mikono, anamkunja magoti, anamsugua mgongo, anambonyeza kiuno apate umbo. Kisha kiunoni anamfunga uzi mweusi wa kumkinga na macho ya watu. Mama mkwe alikuwa amekanda watoto wote wa ukoo ule, na wa majirani pia. Akina mama walikuwa wanamletea watoto. Sasa kaja mjukuu wake mwenyewe, wa kwanza kwa Shomari. Alimkanda kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na kila penzi lilitoka na ngozi.

Siku ya kwanza lilitoka lengelenge moja kwenye kwapa. Siku zilizofuata yakatoka mgongoni, kwenye viwiko, juu ya vidole, makubwa kama korosho, yamejaa maji, mengine maji na damu. Pale kiunoni, ule uzi ulichimba duara zima likawa kidonda.

"Mama," nikamwambia, "naomba tupumzike kumkanda."

"Tupumzike? Asipokandwa atakuwa kama gogo."

"Anaumia, mama."

"Mtoto gani hulia kwa furaha akikandwa? Hata mumeo alilia. Mtazame mabega yake leo."

Alipoenda kisimani nikachukua wembe nikaukata ule uzi. Aliporudi akauona chini. Hakupiga kelele. Aliuokota, akaufunga kwenye ncha ya kanga yake, akasema taratibu, "Mtu anayemwondolea mtoto kinga, ana lake jambo." Jioni maneno yale yalikuwa kijiji kizima.

Ukiyaona malengelenge yale bila kujua, utasema ni moto. Yanafanana mno na mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Na mama mkwe asingeweza kusema mikono yake ndiyo iliyomchubua mtoto, kwa sababu mikono ile haijawahi kumchubua mtoto yeyote. Nimekaa na jambo hili sana na naona hakudanganya. Alijua mikono yake, na mie hakunijua. Basi kilichobaki ni mie. Jirani mmoja akasema aliniona na sufuria la uji. Mwingine akasema sisi watu wa visiwani tuna mambo yetu.

Hapo ndipo nilipoujua upweke. Watu wanadhani upweke ni kukaa bila watu. Mie nyumba ilikuwa imejaa. Wifi zangu wanapita, wanacheka, wanatwanga, wanasuka ukili barazani. Nikitoka na mtoto, mazungumzo yanakatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikirudi ndani, yanawaka tena. Salamu nikitoa, naitikiwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Chakula changu kilikuja kwenye sahani yangu peke yangu, ikiwa imefunikwa, inawekwa mlangoni. Nilikumbuka lile beseni la shule.

Shomari alikuwa anaingia, anamtazama mtoto, anakaa ukingoni mwa kitanda. Siku moja nikamuuliza, "Na wewe unasema nimemchoma?"

"Sijasema hivyo."

"Unasemaje?"

"Sijui, Mwanaidi. Mama amelea watoto wengi."

Heri angenipiga kofi. Kofi ningelijibu.

Nikawa naongea na Nasra. Namwambia habari za kaa, za kima wa mikokoni, za babu yake. Yeye ananitazama na macho yale makubwa. Sikuweza kumkumbatia. Fikiria hilo, mama mwenzangu. Mtoto analia, na mkono wa kumbembeleza ndio unaomtoa ngozi. Nilijifunza peke yangu kumlaza juu ya kanga kuukuu laini, nikamnyanyua na kanga nzima. Kumnyonyesha, namweka kwenye mto. Malengelenge yakapungua kidogo. Hakuna aliyeona, kwa sababu hakuna aliyekuja kutazama.

Kituo cha afya walinipa dawa ya kupaka majeraha ya moto. Nikarudi, nikapewa nyingine. Mara ya tatu tabibu kijana akamtazama mtoto, akanitazama, akasema, "Dada, mie hii siijui. Na sitaki kukudanganya kwamba naijua. Nenda Dar, kliniki ya ngozi." Namshukuru yule kijana. "Sijui" lake lilinifaa kuliko "najua" za watu wote wa Mtunda.

Nilikwenda na Nasra, wawili tu. Daktari alikuwa mama wa makamo, ushungi wa kijani, miwani imeteremka puani. Hakumgusa mtoto kwanza. Aliniambia nimfunue mwenyewe. Akatazama mguu ule wa kushoto, ambao sasa ulikuwa umepona lakini kwa ngozi nyembamba, inang'aa, nyeupe nyeupe. Akatazama vidole. Kucha mbili zilikuwa zimeshadondoka. Kisha akanitazama mie usoni.

"Mama Nasra, hebu vua viatu."

Nikamwambia, "Mgonjwa ni mtoto, daktari."

"Najua. Vua."

Nikavua. Akainama mpaka chini, na miwani yake, akatazama vidole vyangu kama mtu anayesoma. Akasema, "Kucha zako zilikwenda wapi?"

"Zililiwa na matope. Mie mtu wa delta."

"Magoti?"

Nikapandisha gauni.

"Nani mwingine kwenu yuko hivi?"

"Baba. Lakini baba ni mkata mikoko."

Akanyanyuka, akakaa, akakunja mikono mezani. "Mama Nasra, mikoko haihusiki. Hukumchoma mtoto wako. Wala hakuna aliyemroga. Mmezaliwa hivyo, wote watatu."

Nililia pale ofisini kwa sauti, makamasi na kila kitu. Sio kwa huzuni. Nililia kwa sababu mtu mmoja duniani alikuwa amesema hukumchoma.

Akanieleza. Ngozi ina tabaka la juu na tabaka la chini. Yale matabaka mawili hayashikani hivihivi. Kuna nyuzi ndogo, huzioni kwa macho, zinalifunga la juu kwenye la chini. Nyuzi zile zimetengenezwa na kitu kinaitwa kolajeni. Kolajeni zipo aina nyingi mwilini, kila moja na kazi yake, na ya kufunga pale ni ile wanayoiita ya saba. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye vinasaba, tunavyorithi kwa baba na mama. Maelekezo yakiwa na kosa, nyuzi zinakuwa dhaifu. Ukisugua, tabaka la juu linaachia, maji yanaingia katikati. Hilo ndilo lengelenge.

Nikamkatiza. "Kama makuti na fito."

"Vipi?"

"Kuti ni zima, fito ni nzima. Lakini aliyeezeka amefunga kwa kamba mbovu. Upepo mdogo tu, kuti linanyanyuka."

Akacheka. "Hasa. Na kwenu kamba hazikukosekana kabisa, ni mbovu tu. Wapo watoto ambao hazipo kabisa. Wale wanaumia mpaka kooni, vidole vinagandana. Wa kwako atakua. Mgongo na kifua vitatulia akikua. Mikono, magoti na miguu ndiyo itamsumbua, kama wewe."

"Na ule mguu wa kuzaliwa?"

"Alijisugua mwenyewe tumboni, mguu kwa mguu. Watoto wote wanapiga mateke tumboni."

Nikamuuliza dawa. Akanieleza ukweli: ya kuondoa kabisa, sisi hapa hatuna. Kuna matibabu mapya yanajaribiwa na mengine yameanza kutumika nchi za mbali, bado hayajatufikia. Kilichopo ni kumlinda na msuguano, kumtunza vidonda visiingie wadudu, na kumrudisha kliniki. Nikamuuliza kuhusu supu ya kongoro, maana kwenye basi mama mmoja aliniambia ina kolajeni, na zipo hata za unga wanauza wadada mtandaoni. "Kunywa supu, ni tamu," akasema. "Lakini tumbo litaisaga kama nyama nyingine. Haiendi kuufunga mguu wa Nasra." Na akasema lingine, ambalo nilirudi nalo begani kama boriti: kila mtoto nitakayemzaa anaweza kuurithi au asiurithi, nusu kwa nusu.

Nikarudi Mtunda na furaha ya kijinga. Nilidhani nikieleza yataisha. Nikakuta kikao kimeshapangwa.

Barazani alikuwepo mama mkwe, Shomari, wifi zangu, na baba mkubwa wa Shomari ambaye ndiye mwenye neno la mwisho pale. Wakaniambia kwa adabu sana. Nimechoka, uzazi una mambo yake, niende kwetu visiwani nikapumzike. Mtoto atabaki na bibi yake.

"Mtoto ananyonya," nikasema.

"Maziwa yapo," akasema wifi.

Nikawaeleza habari ya nyuzi, kolajeni, kurithi. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo ngozi ya mjukuu wangu haijafungwa. Imeshikizwa kwa pini?" Wakacheka. Hata Shomari mdomo ulimcheza. Nawaambia, hakuna upweke kama wa kusema kweli na watu wakacheka.

Ningemwacha kwa yule bibi, angemkanda. Asubuhi na jioni. Kwa mapenzi. Nilikuwa nauona mgongo wa mwanangu.

Nikamwambia baba mkubwa, "Baba, sikatai kikao. Lakini kwetu mmenichukua kwa baba yangu. Hamwezi kunirudisha bila yeye kuwepo."

Akafikiri. "Hilo ni haki. Aitwe."

Baba hapendi bara. Tangu harusi yangu hakuwa amekanyaga. Nikampigia simu, mtandao unakatika, nikamwambia, "Baba, wananinyang'anya mtoto. Njoo na mikono yako." Hakuuliza maana yake. Alivuka mpaka Nyamisati, akapanda gari, akafika Mtunda na kanzu yake ya Idi na kikapu cha kamba wakavu. Njiani kutoka barabarani nikamweleza kila kitu. Akawa anatembea tu, anasema "Ehe. Ehe." Tulipokaribia nyumba akasimama, akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

Kikao kikakaa tena. Baada ya salamu na habari za safari, baba mkubwa akaanza kueleza mashtaka. Baba akamwacha amalize. Kisha akavua kobazi zake, akanyoosha miguu mkekani mbele ya watu wazima wenzake, jambo ambalo mtu wa heshima hafanyi. Akaweka mikono juu ya magoti, viganja chini.

"Mwanaidi. Mlete mjukuu wangu."

Nikamleta Nasra juu ya mto wake, nikamweka katikati ya miguu ya baba. Nikavua viatu nikanyoosha miguu yangu pembeni. Miguu ya watu watatu, ya mzee, ya kwangu, ya mtoto mchanga. Makovu yaleyale, mng'ao uleule. Kucha za mzee na zangu hazipo, za mtoto zimeanza kuondoka.

Baba akasema, "Mie umri wangu wote nimeambiwa hii ni alama ya mkoko. Nimeivaa kama nishani. Binti yangu alipoipata, nikasema ni mkoko. Sawa." Akaweka kidole kimoja, kwa uangalifu, kando ya mguu wa Nasra bila kuugusa. "Mjukuu wangu huyu boriti amekata lini?"

Wifi zangu wakatazamana.

"Nauliza. Shoka alishikia wapi? Tumboni?"

Mtu mmoja akataka kucheka, akajizuia. Baba mkubwa akainama akaangalia kwa karibu, miguu ya huyu, miguu ya yule. Akajishika ndevu. "Mtoto abaki na mama yake," akasema. "Hapana aliyechoma mtu hapa."

Mnadhani yaliishia hapo kwa shangwe? Mama mkwe alisimama, akakung'uta kanga yake, akasema, "Kumbe hakuchoma. Kaleta kwenye damu." Lawama haikufa, ilibadilisha nguo tu. Shomari naye, baada ya siku kadhaa, akaniambia anaogopa mtoto mwingine. Akaenda Mloka kulima, huko tembo wanakula mazao ya watu, na anasema hawezi kuacha shamba likabaki bila mlinzi. Tembo wale wamekuwa na njaa ndefu sana. Simu anapiga. Talaka hajatoa. Nimepanga chumba hapa Kibiti, nauza sambusa na kachori, na unga wa sambusa nausukuma kwa chupa iliyofungwa kitambaa, isinichune.

Kabla baba hajarudi delta, nilikuta amekaa nyuma ya nyumba peke yake, anaitazama ile mikono. Akasema, "Kwa hiyo haikuwa kazi. Ilikuwa maradhi tu."

Nikamwambia, "Kazi uliifanya, baba. Wenzako waliifanya na ngozi iliyofungwa. Wewe uliifanya na isiyofungwa."

Akageuza uso. Mwanamume wa kwetu akigeuza uso, unamwacha.

Sasa wewe mama mwenzangu. Mtoto akitoka malengelenge kwa kuguswa tu, usingoje kikao. Mpeleke, ukiambiwa "ni moto" na unajua si moto, mpeleke tena mpaka umpate daktari wa ngozi. Usimkande. Usimfunge uzi, shanga, wala hirizi. Usikubali achanjwe chale. Plasta isiguse ngozi yake kamwe, bandeji ifungwe juu ya bandeji. Lengelenge litoboe pembeni kwa sindano mpya, maji yatoke, na ile ngozi ya juu iache ilale palepale, maana hakuna bandeji bora kuliko hiyo. Shashi ya hospitali ipake mafuta ya mgando kwanza ndipo uweke. Nguo zigeuze, mishono iwe nje. Siku ya Idi nilimtoa Nasra na gauni jipya limegeuzwa, jirani akaniita, "Mama Nasra, umemvisha kinyume!" Nikamjibu, "Kinyume ni wewe." Kidonda kikinuka, kikitoa usaha, mtoto akipata homa, ni hospitali siku hiyohiyo. Na ugonjwa huu hauambukizi. Mbebe. Mbusu. Kula naye sahani moja.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule tabibu wa "sijui", na daktari wa ushungi wa kijani. Namshukuru baba yangu aliyenyoosha miguu mbele ya watu. Nasra hajapona na hatapona. Lakini anakimbia, anaanguka, tunafunga, anakimbia tena. Kucha hana, maneno anayo.

Juzi nimegeuka kutoka jikoni nikamkuta mama mkwe mlangoni kwangu. Alikuwa peke yake, mikono ameificha nyuma, chini ya kanga. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Nikamwamkia. Akaitikia. Nasra akaja mbio, akasimama mbele yake, akanyoosha mikono abebwe, kama anavyofanya kwa watu wote.

Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja.

"Naogopa," akasema. "Mwanaidi, nambebaje?"

Sijamsamehe. Niandike hilo liwe wazi. Nilimwacha asimame kidogo na mikono yake, ajue mtu anavyokuwa mbele ya mtoto wake mwenyewe asijue pa kumshika. Kisha nikafuta unga mikononi, nikawasogelea.

"Usimshike kwapani," nikamwambia. "Leta mikono. Pitisha chini, viganja juu. Usivute. Mwache yeye akukalie."